Mwani kwenye Shimo la Babai

Maji ya shimo ni yale yale, jua ni lile lile, na bado babai za Nei Kinaai zilisimama juu kuliko mwanamume mrefu, huku za wifi yake, Nei Rotia, zikiishia mabegani mwa mwenyewe. Kila asubuhi Rotia aliposhuka kwenye sehemu yake, hakuona kwanza mimea yake. Aliona ule ukuta wa kijani ng'ambo ya mstari wa mawe, majani mapana ambayo mama na mtoto wangeweza kujikinga mvua chini yake.

"Zinanicheka," alimwambia mwanawe Tebano.

"Mama, babai haina meno."

"Za shangazi yako zinayo."

Tebano alicheka, yeye hakucheka. Wivu ulikuwa umemkaa kooni kama mwiba wa samaki, hauzuii kula lakini kila tonge unauhisi.

Shimo letu lilichimbwa na watu ambao hatujui hata majina yao. Walikata mwamba wa matumbawe kwa magamba ya kombe mpaka wakayakuta maji matamu yaliyolala chini ya kisiwa. Hapa Kiribati nchi ni nyembamba, ukisimama katikati unasikia bahari huku na huku, na udongo hakuna. Udongo tunautengeneza wenyewe, jani kwa jani, ndani ya vikapu visivyo na kitako vinavyozungushiwa kila shina. Babai ni jamaa ya gimbi, ila ni kubwa zaidi, na inataka kulishwa kama mgonjwa. Majani gani, yakaushwe kwa muda gani, yawekwe mwezi ukiwa wapi, hayo kila nyumba ina yake na hayasemwi. Mtu akipita ukingoni mwa shimo hutazama mbele. Kuangalia chini wakati mwenzako analisha babai zake ni aibu kubwa kuliko kumchungulia anaoga.

Baba yake Kinaai aligawa urithi wake kwa namna iliyoleta maneno. Sehemu nzuri ya katikati ya shimo alimpa mwanawe, Ten Bauro; kwetu Ten ni Bwana, na Nei ni Bibi. Siri ya majani akampa bintiye Kinaai, pamoja na kipande kidogo pembeni. Labda mzee alitaka wategemeane, na kweli Bauro alipokuwa hai walitegemeana. Dada alikuja kulisha, kaka alichimba na kusuka vikapu, na Rotia, mke wa kaka, alipeleka samaki jioni. Kisha Bauro akaugua na kufa, wakati Kinaai yuko Tarawa, kisiwa cha mji mkuu, akitibiwa macho. Kinaai aliporudi, kaka yake alikuwa amekwisha kuzikwa. Tangu siku hiyo hakuuvuka tena ule mstari wa mawe.

Ukimuuliza Rotia, angekwambia wifi yake ni mchoyo. Ukimuuliza Kinaai, angekwambia Rotia ni mtu wa Beru, kisiwa kingine, na siri ya nyumba haiendi Beru. Ukweli ni kwamba Kinaai hakujaliwa mtoto. Alichokuwa nacho ni babai. Rotia alikuwa na mtoto, wajukuu, sehemu ya katikati, na alikuwa na miaka yote ile ya Bauro. Kwa hiyo walioneana wivu wote wawili, kila mmoja akidhani mwenzake ndiye aliyepewa zaidi.

Hata hivyo Rotia hakuacha kupeleka samaki. Enzi za mumewe alikuwa akifanya hivyo, naye akaendelea. Ila siku hizi alipeleka upande wa mkia. Kinaai alipokea, akala, na asubuhi akarudisha sahani imeoshwa, juu yake kipande cha shelisheli lililochomwa. Kipande kidogo.

Katikati ya sehemu ya Rotia palisimama babai moja iliyopita zote zake kwa umri. Bauro aliipanda mwenyewe, akaiacha ikue mwaka baada ya mwaka bila kung'olewa, kwa ajili ya siku moja tu: siku ambayo Tebano angeketi kwa mara ya kwanza mahali pa baba yake ndani ya maneaba, nyumba yetu kubwa ya mkutano. Kila ukoo una mahali pake chini ya paa lile. Anayeketi mara ya kwanza huja na babai ya nyumba yake, na wazee huipima kwa macho kabla hawajampima yeye. Sikukuu ilikuwa imepangwa, na siku ilikuwa inakaribia. Rotia aliitazama babai ya mumewe, kisha akazitazama za wifi yake, na akaona itakavyokuwa. Kinaai angeleta jitu lake, nalo lingewekwa kwenye mkeka karibu na hii, na watu wangesema Bauro aliacha mjane asiyejua kulisha.

Ndipo asubuhi moja akamwona Kinaai akitoka ufuko wa maji tulivu, kapu kichwani, limefunikwa mkeka. Mkeka haukufunika vizuri. Pembeni ulining'inia mwani, mbichi, unadondosha maji.

Rotia alitazama mbele kama inavyopasa. Lakini jicho la pembeni halina adabu. Aliliona kapu likishuka shimoni, akaliona likipanda limekuwa jepesi, au hivyo ndivyo alivyoona. Kesho yake, tena. Kesho kutwa, tena.

"Kumbe!" alijisemea akiwa peke yake jikoni. "Kumbe ni mwani! Na mimi najiumiza kiuno kuokota majani ya mti wa uri!"

Akaanza. Alikwenda ufukoni wakati watu wako kanisani au wamelala mchana, akachota mwani, akaurundika ndani ya vikapu vya mimea yake yote. Mwisho, baada ya kusitasita kidogo, akailisha na babai ya mumewe. Aliilisha zaidi ya zote, kwa kuipenda.

Baada ya muda kingo za majani zikaanza kugeuka manjano, halafu kahawia, kama karatasi iliyopitishwa karibu na moto. Rotia akasema moyoni, labda haujatosha. Maana za Kinaai, zinazolishwa mwani ule ule, zilikuwa kijani tupu. Akaongeza.

Na si za Rotia peke yake. Sehemu baada ya sehemu, shimo lote likaanza kukauka kingo. Watu walikutana njiani wakatikisa vichwa.

"Bahari imeingia," walisema.

"Imeingia, ndugu yangu. Tulijua itaingia."

Hilo lilikuwa rahisi kuaminika. Tumeona mawimbi yakivuka barabara, tumeona minazi ikianguka na mizizi yake juu. Akaletwa bwana kilimo kutoka Tarawa, kijana mpole aliyeitwa Ten Moutu, aliyevua viatu kila alipoingia nyumba ya mtu hata alipoambiwa avae. Alishusha chupa zake kwenye zile sehemu zilizokauka kingo, akayapima maji, akayapima tena.

"Yana chumvi," alisema. "Wazee wangu, sipendi kulisema hili. Shimo likishaingia chumvi namna hii, vijiji vingine wamelifukia."

Kufukia! Neno hilo lilitembea kijijini haraka kuliko homa. Vijana wengine hawakulichukia sana, walikuwa wakitafuta uwanja wa mpira wa wavu. Wazee waliamua kwamba siku ya sikukuu, baada ya babai kuwekwa mbele ya watu wote, ndipo litakatwa shauri: shimo liachwe au lifukiwe. Kama zilizong'olewa ni nzima, liachwe. Kama zimeoza, basi.

Kinaai alilisikia hilo akiwa anasuka mkeka mlangoni kwake. Alisuka safu nzima vibaya, akaifumua, akaisuka tena vibaya.

Asubuhi ya sikukuu Tebano alishuka shimoni na kuing'oa babai ya baba yake. Rotia alisimama ukingoni, mikono kifuani. Mmea ulipotoka, Tebano alipiga magoti kando yake. Aliugeuza taratibu ili mama yake auone upande uliokuwa mzima kwanza. Sijasahau namna alivyougeuza. Lakini upande wa pili ulikuwa umelika, mweusi, unanuka ufuko.

"Mama, tuna gunia la mchele," alisema. "Wengine wataleta mchele. Hakuna atakayesema."

"Baba yako hakupanda mchele."

"Najua. Nasema tu."

"Kata ulipooza. Utabeba kilichobaki."

Wakakata. Kichwa cha mmea, pale shina na majani yalipoungana, kilikuwa bado hai. Rotia akakifunga kwa kitambaa chenye maji na kukiweka kivulini. Kilichobaki cha babai ya Bauro kiliingia kwenye mikono miwili ya Tebano, wakati kilipaswa kubebwa kwa mti na watu wawili.

Maneaba ilijaa. Tulikaa kwenye mikeka kila mtu mahali pa ukoo wake, upepo ukipita chini ya paa kama kawaida. Zilianza kuletwa babai. Ndogo, zimekatwa pembe, zimechongwa ili ziwe na umbo. Kila aliyeweka yake aliinamisha macho. Ten Tekinene, mzee wa kusema, alizitazama moja moja na kushukuru kwa kila moja kwa maneno yale yale, sauti ile ile, asimfanye mtu yeyote ajisikie mdogo kuliko jirani yake.

Kisha wabebaji wa Kinaai wakaleta ya kwake kwa mti mabegani. Watu wakavuta pumzi. Ilikuwa nene kama mtoto aliyelala, safi, bila doa. Rotia aliikazia macho, na mwiba wa kooni ukageuka kuwa ndoana. Alitamani ioze hapo hapo mkekani.

Wa mwisho akaingia Tebano. Alitembea wima, akaiweka ya baba yake karibu na ya shangazi yake, kwa kuwa ukoo ni mmoja na mkeka ni mmoja. Mtu mmoja nyuma aliguna kwa huruma, na huruma ile ilimuuma Rotia kuliko kicheko.

Kinaai alikuwa ameketi kati ya wanawake wazee. Macho yake hayaoni vizuri, hivyo alisogea kwa magoti mpaka mbele, akaweka mkono juu ya kile kipande. Akakipapasa pale kilipokatwa. Akanusa vidole vyake.

"Hii ndiyo ya Bauro?" aliuliza.

"Ndiyo, shangazi," alijibu Tebano.

Kinaai akainua uso. "Rotia! Uliilisha nini hii?"

Vichwa vikageuka. Swali hilo haliulizwi. Mtu anaweza kukuuliza umri wako, deni lako, hata umegombana nini na mumeo, lakini hilo haliulizwi, tena mbele za watu.

"Wifi, hapa si mahali," alisema Rotia kwa sauti ndogo.

"Nakuuliza. Uliilisha nini babai ya kaka yangu?"

Rotia alijua maana ya kujibu. Kujibu ni kukiri kwamba alitazama. Mtu mzima, mjane, mama wa huyu anayeketi leo mahali pa baba yake, alichungulia kapu la wifi yake kama mwizi wa kuku. Angeweza kusema majani ya uri, na hakuna ambaye angembishia. Wangesema ni bahari. Shimo lingefukiwa, aibu ingefukiwa nalo.

Alimtazama Tebano, aliyekuwa bado amesimama, hajaketi.

"Mwani," alisema Rotia. "Mwani mbichi. Kama wewe."

"Kama mimi?"

"Nilikuona. Kila asubuhi na kapu lako. Usinifanye mjinga, wifi. Wewe unazilisha mwani, zako zinanenepa, zangu zinakufa. Umeusomea maneno gani?"

Wanawake walishika midomo. Kinaai alifungua mdomo ajibu. Na hapo, kabla hajasema, Ten Tekinene mwenyewe akakohoa.

"Na mimi," alisema.

"Na wewe nini, mzee?"

"Mwani. Nilimwona Nei Kinaai, nikasema, alaa, kumbe ni hivyo."

Hakulazimika kusema. Alikuwa mzee wa kusema wa maneaba, na angeweza kumwacha mjane mmoja abebe aibu peke yake. Nilimpenda mzee yule siku ile.

"Na sisi," alisema mtu upande wa kaskazini.

"Mke wangu ndiye aliyechungulia," alisema mwingine.

"Mwongo! Nani alipanda mnazi akijifanya anagema?" alidakia mkewe.

"Nilikuwa nagema!"

"Mnazi ule umekufa mwaka juzi!"

Kicheko kilianza upande wa vijana, kikazunguka nguzo zote. Ikawa kila nyumba inaitaja jirani yake. Kijiji kizima kilikuwa kimepita ukingoni mwa shimo kikitazama mbele kwa adabu, na kijiji kizima kilikuwa kimeona lile kapu.

Kinaai peke yake hakucheka. Alisubiri watu wanyamaze.

"Mwani ule haukuwa wa babai," alisema. "Nilikuwa naushusha shimoni na kuupandisha ule ule, ndani ya kapu lile lile, naumwaga baharini. Babai zangu nazilisha usiku wa mbalamwezi, mkiwa mmelala. Mwani ulikuwa wa macho yako, Rotia. Nilijua unatazama. Nikasema, atazame basi. Nilitaka zako zidumae." Akakipapasa tena kile kipande. "Sikudhani utailisha na yake. Nilijua ile utaiacha."

"Niliilisha zaidi ya zote," alisema Rotia.

"Nimenusa."

Ten Moutu, bwana kilimo, alinyoosha mkono kama mwanafunzi. "Samahani, wazee wangu. Yaani chumvi niliyoipima..."

"Umepima mwani wetu, mwanangu," alisema Tekinene. "Bahari itakuja siku yake, hilo najua. Lakini kumbe safari hii tumeibeba wenyewe kwa vikapu."

Shauri lilikatwa hapo hapo. Shimo lisifukiwe. Mwani utolewe wote, mvua zisubiriwe, kisha Ten Moutu apime tena. Alikubali haraka, na akaomba aruhusiwe kushika jembe. Tebano akaketi mahali pa baba yake. Hakuna aliyetazama ukubwa wa babai, kwa kuwa kila mtu alikuwa na ya kwake ya kuonea haya.

Kesho yake walishuka watu wote. Haijawahi kutokea, watu wa nyumba zote ndani ya shimo kwa wakati mmoja, kila mmoja akiona vikapu vya mwenzake. Ilikuwa kama kuoga hadharani. Mwanzo walikwepana macho, baadaye wakazoea, wakaanza kusaidiana kupandisha mwani juu. Jioni walipoondoka, Rotia alibaki. Alikifungua kile kichwa cha babai kwenye kitambaa, akakichimbia mahali pake pa zamani.

"Umekizamisha mno," ilisema sauti ya Kinaai kutoka ng'ambo ya mawe.

"Ni cha mume wangu."

"Ni cha kaka yangu, na umekizamisha mno."

Rotia akakiinua kidogo. Kinaai alisimama pale pale na kapu lake, halijafunikwa safari hii, lakini mkono wake umelala juu yake. Alikuwa akitaka kuvuka na hataki kuvuka. Rotia aliiona hali hiyo vizuri, maana yeye naye alikuwa akitaka kumwita na hataki.

"Alikuwa anakusema," alisema Rotia mwishowe, akiendelea kukandamiza udongo. "Bauro. Alipokuwa mgonjwa."

"Alisemaje?"

"Sikwambii."

"Basi na mimi sikwambii."

Kinaai akahamisha kapu mkono wa pili. Kisha Rotia akatabasamu kidogo, bila kupenda. "Neno moja, jani moja."

Kinaai alifikiri. Akavuka mawe, akachuchumaa, akatoa jani moja kavu. "La uri. Hili unalijua, ila unaliweka bichi. Likauke mpaka livunjike."

"Alisema ukicheka unaanza na mabega, halafu ndiyo sauti inakuja."

Mabega ya Kinaai yalitikisika. Akatoa jani la pili na kueleza. Rotia akamwambia jinsi Bauro alivyosimulia kwamba dada yake ndiye aliyemfundisha kuogelea, kwa kumsukuma majini.

"Nilimsukuma kwa sababu alikula samaki wangu!"

"Hilo hakulisema."

"Hawezi kulisema. Jani la tatu hili hapa. Hili usimwonyeshe mtu."

Likabaki jambo moja, nalo Rotia alikuwa hajalisema kwa mtu yeyote, hata kwa Tebano. Lilikuwa ndilo lililomfanya apeleke mkia wa samaki miaka yote ile. Alilishikilia. Alitazama udongo mweusi kwenye kucha zake.

"Siku ya mwisho," alisema, "nilikuwa nimemshika mkono. Mimi. Nimekaa naye tangu alfajiri. Akafumbua macho, akakuita wewe. Hakuniita mimi. Akaita Kinaai, mara mbili, halafu basi."

Kinaai hakutoa jani. Aliweka kiganja juu ya kile kichwa cha babai mpaka mbu wakaanza. Halafu akalivuta kapu lote, akaliweka katikati ya magoti yao, akaanza kuyavunja majani yaliyobaki, moja baada ya jingine, polepole, mkono wazi, ili wifi yake aone kila kitu.